Famasi ya Mwanga, Kigoma: ukitaja presha wanakuuliza na ini

Naandika hii kwa ajili ya watu wa Kigoma wenye mgonjwa wa ini nyumbani ambaye pia ana presha, maana tuko wengi na hatuambiani. Hili duka la dawa liko Mwanga, sio mbali na soko, nimeshalitumia muda sasa kwa ajili ya shangazi yangu wa Ujiji na kwa upande wa ushauri nalipa nyota zote tano bila kusita, japo kuna mambo mengine hawajakaa vizuri na nitayasema pia.

Shangazi ana presha miaka mingi. Alikuwa anakunywa amlodipini ya miligramu 10 asubuhi na kile kidonge cha losartani kinachoandikwa H mwishoni, na zilikuwa zinamkaa vizuri tu, anauza mawese yake, anapanda bodaboda mwenyewe, hana neno. Baadaye tumbo likaanza kujaa, miguu ikavimba, macho yakaingia unjano, akalazwa, vipimo vikasema ni homa ya ini B ya muda mrefu na ini limeshasinyaa. Akaruhusiwa na cheti kipya chenye spironolaktoni na Lasix za kutoa maji, propranololi na tenofoviri ya virusi. Sasa tatizo lilikuwa hapa, kile cheti kilikuwa na dawa mpya peke yake, zile za zamani hazikutajwa kabisa, hakuna palipoandikwa acha wala endelea, na mtu aliyeugua presha siku nyingi ameshaambiwa maisha yake yote kwamba dawa ya presha haiachwi. Kwa hiyo shangazi akawa anakunywa za zamani na mpya, zote kwa pamoja, kwa uaminifu mkubwa. Duka la kwanza nililoenda kununua walisoma cheti, wakapiga hesabu, wakafunga, nikalipa, basi.

Hapa Mwanga nilikuja kwa sababu kule spironolaktoni ilikuwa imeisha. Yule dada mfamasia akasoma cheti, akanyanyua macho, akaniuliza mgonjwa ni nani wako, ana umri gani, tumbo limejaa maji au limeshapungua, alafu akauliza, "Na kabla ya hizi alikuwa anatumia dawa gani?" Nikamtajia. Akaweka kalamu chini akasema hizi dawa ntakupa lakini naomba umlete shangazi, na mje na kila kitu anachokunywa, chupa, pakti, unga, majani, hata kama ni vya jirani.

Tukaenda na kikapu. Walipoonana shangazi alipewa shikamoo yake kwanza, akawekewa kiti, akaambiwa apumzike, hakuna aliyemkimbiza. Baada ya kama dakika tano ndo akapimwa presha, na akapimwa tena akiwa amesimama, ya kusimama ikasoma 92 kwa 58. Mtu ambaye mimi namjua kwa 160 na 170! Na kweli alikuwa analalamika kila akiamka kitandani dunia inazunguka, sisi tukasema ni udhaifu wa ugonjwa. Yule dada akatoa kila kitu kwenye kikapu akapanga kwenye kaunta, akaanza kutueleza, na hapa ndo naomba mnisome vizuri kwa sababu hii elimu sijawahi kuipata sehemu nyingine.

Cha kwanza, ini likifika hatua ya kusinyaa na kujaza maji tumboni, presha ya mwili huwa inashuka yenyewe, mishipa inalegea, kwa hiyo mtu aliyekuwa na presha ya kupanda miaka ishirini anaweza akajikuta hahitaji tena dawa zake za zamani, na akizing'ang'ania figo hazipati damu ya kutosha zinaanza kuchoka. Figo za mgonjwa wa ini ziko kwenye hatari hata bila hiyo. Alafu ini ndo linalovunjavunja dawa nyingi, likiwa bovu dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Akatoa mfano wa hiyo hiyo amlodipini, kwa mtu mzima wa afya inachukua kama saa 30 mpaka 50 kupungua nusu mwilini, kwa mwenye ini bovu inachelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo ile ya leo inaikuta ya jana na ya juzi, ndo maana madaktari wakiianzisha kwa mgonjwa wa ini wanaanza na 2.5, sio 10.

Kile kidonge cha losartani ndo kilimtisha kuliko vyote. Akatuonyesha ile H kwenye pakti, akasema hii ni dawa ya pili imejificha humo humo, haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza maji. Kwa hiyo shangazi alikuwa na dawa za kukojoza tatu, hiyo, Lasix na spironolaktoni, na hakuna aliyejua. Maji na chumvi za mwili zikitoka kupita kiasi kwa mgonjwa wa ini anaweza kuchanganyikiwa akili, analala mchana kutwa usiku anakesha, anaongea vitu havieleweki, mikono inapigapiga, na watu mtaani watasema karogwa. Halafu losartani yenyewe na spironolaktoni zote mbili zinazuia potasiamu, moja ya zile chumvi za mwili, isitoke, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kupiga hovyo. Na zaidi ya hapo, mgonjwa mwenye maji tumboni familia nzima ya hizo dawa haimfai, losartani na wenzake, enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, kwa sababu ya figo. Mimi nikamuuliza, je lisinoprili si nasikia haipiti kwenye ini? Akasema ni kweli haivunjwi na ini, wakati enalaprili inategemea ini ndo iamke ifanye kazi, lakini kwa mwenye maji tumboni hoja sio ini tena, hoja ni figo, kwa hiyo hiyo njia ya kukwepea haipo.

Hapo naomba niongeze alichosisitiza mwenyewe ili mtu asije akasoma hapa akaenda kutupa dawa zake. Sio kila mwenye shida ya ini ni kama shangazi. Mtu mwenye mafuta kwenye ini, au mwenye virusi vya B lakini ini bado halijasinyaa na tumbo halina maji, huyo presha yake bado inaweza kuwa ya kupanda kweli na dawa hizi hizi kwa kawaida anatumia vizuri, labda kwa kuanzia dozi ndogo, losartani kwa mfano inaanzwa 25 badala ya 50. Akiacha bila kuambiwa na daktari anaweza kupata kiharusi. Kinachoamua ni hali ya ini, na hiyo haionekani kwa macho wala kwa vile vipimo viwili vya damu vya ini, ALT na AST, peke yake, vinaweza vikasoma kawaida na ini limekwisha. Wanaangalia na albumini, ile protini inayotengenezwa na ini, bilirubini, ile inayoleta unjano, damu inavyoganda, kama kuna maji tumboni na kama akili iko sawa.

Sasa nikajua atakachofanya ni kutuandikia yeye dawa nyingine, wengi hapa mjini wanafanya hivyo. Hapana. Alichukua simu akampigia daktari aliyeandika cheti, mbele yetu, akamsomea presha, akamsomea majina ya dawa zote zilizoko kaunta. Daktari akasema losartani yenye H isimamishwe leo, amlodipini nayo isimamishwe, propranololi na dawa za maji ziendelee kwa sasa, na tuende kesho yake kupima figo na potasiamu. Yote akayaandika kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kusomeka, akaweka na saa za kunywa, akamsomea shangazi mara mbili, akamwambia, "Mama, hebu niambie wewe sasa, asubuhi unakunywa nini?" Shangazi akasema. Akakosea moja, akaelekezwa taratibu. Nilipenda sana hapo, kwa sababu wengine wanaongea na sisi tuliomsindikiza kama vile mgonjwa hayupo.

Shangazi akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile, sasa mwanangu kama presha yangu imeshuka, hii propranololi si nayo ni ya presha, kwa nini nayo nisiache? Jibu ndo hili. Propranololi kwake sio ya presha ya mkononi, ni ya presha ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Ini likisinyaa damu inakosa njia, inarudi nyuma, inatanua mishipa kwenye koo la chakula na tumboni, na ile mishipa ikipasuka mtu anatapika damu na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Propranololi inapunguza hiyo nguvu. Kwa hiyo zile nyingine zimetolewa ili hii ibaki na nafasi. Haiachwi ghafla kwa kujiamulia, ila namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90 au mapigo ya moyo yakienda chini ya 50 tuwasiliane na daktari siku hiyo hiyo, na akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni hospitali muda huo huo bila kusubiri kukuche. Pia aliuliza kama shangazi amewahi kuishi vijiji vya ziwani na kama aliwahi kutibiwa kichocho, kwa sababu kile kichocho cha tumbo kilichopo huku Ziwa Tanganyika nacho kinaziba mishipa ya ini na kuleta shida hiyo hiyo ya kutapika damu. Shangazi amekulia ziwani. Ikaandikwa, daktari aambiwe.

Tukarudi kwenye kikapu. Kulikuwa na diklofenaki ya magoti, ya kununua tu dukani bila cheti. Ikatolewa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinashika chumvi na maji mwilini kwa hiyo zinapandisha presha na zinaua kazi ya dawa za maji, zinabana figo, zinachubua tumbo, na kwa mtu mwenye mishipa iliyotanuka hiyo ni hatari mara mbili. Nilidhani atasema basi asitumie hata Panadol, maana mtaani kwetu wote tunaamini Panadol ndo sumu ya ini. Akasema parasetamoli ndo salama zaidi kwake kuliko hizo, mradi zisizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya 500 kwa saa ishirini na nne, na asichanganye na dawa za mafua ambazo ndani yake tayari kuna parasetamoli na nyingine zina vitu vya kufungua pua vinavyopandisha presha. Kulikuwa na unga wa mitishamba pia, wa kusafisha ini, umeletwa na ndugu kwa mapenzi kabisa. Hakucheka wala hakugomba. Akasema mimi sijui kilichomo na wewe hujui, ini lililochoka haliwezi kupewa kazi ya kitu ambacho hatujui, naomba tuuweke pembeni. Shangazi akakubali, na mimi naamini amekubali kwa sababu hakudharauliwa.

Kuna jambo jingine alilitaja nataka kina mama walisikie. Metildopa, ile wengi tunaita Aldomet, inayotolewa sana kwa wajawazito wenye presha. Hiyo haitakiwi kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na yenyewe inaweza kuleta homa ya ini kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo mjamzito mwenye homa ya ini aseme kliniki mapema, na anayeitumia akiona macho ya njano au mkojo kama chai ya rangi arudi haraka. Mimi hii nilikuwa siijui kabisa.

Mashine ya kupima presha tulinunua hapo hapo, ya kuvaa juu ya kiwiko. Za mkononi kwenye kifundo wanazo pia na ni bei ndogo lakini walituambia wazi kwamba zinasoma vibaya mkono usipokaa sawasawa na moyo, nadhani duka lingine lingeuza tu. Wakapima na ukubwa wa ule mkanda kwenye mkono wa shangazi maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma presha ya juu ambayo haipo. Tunapima asubuhi kabla ya dawa, ameketi, mgongo umeegemea, miguu chini, haongei, mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, tunaandika kwenye daftari pamoja na mapigo ya moyo. Na uzito pia, kila asubuhi, kwa sababu dawa za maji zikifanya kazi kupita kiasi utaona kwenye mzani kwanza, akiwa hana uvimbe wa miguu asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku, akiwa nao isizidi kilo moja. Akitapika au kuhara, tunapiga simu kabla ya kumpa dawa za maji za siku hiyo.

Chakula nako waligusa, na hapa watu wa Kigoma tuna la kujirekebisha. Chumvi ndo adui wa tumbo la maji na wa presha kwa pamoja, isizidi kama kijiko kimoja cha chai kwa siku chakula chote, na sisi tuna migebuka ya chumvi na dagaa zilizotiwa chumvi alafu tunaongeza tena chumvi jikoni. Lakini alitukataza kumnyima samaki. Kuna imani kwamba mgonjwa wa ini asile samaki wala nyama, apewe uji tu, na huko ni kummaliza misuli, anahitaji protini kuliko sisi wazima. Kwa hiyo tunanunua migebuka mibichi Kibirizi, dagaa tunachagua zisizo na chumvi, ndimu na nyanya zinafanya kazi ya ladha, na usiku kabla ya kulala anakula kitu kidogo asikae na njaa mpaka asubuhi.

Matokeo? Kizunguzungu kimekwisha. Presha yake sasa inacheza kwenye 105 mpaka 115, figo zilipopimwa daktari akaridhika, dozi ya Lasix ikapunguzwa baadaye. Ini halijapona na sitaki kudanganya mtu hapa, lakini anaenda sokoni mwenyewe na akili yake iko pale pale. Na sisi ndugu tulipelekwa kupima homa ya ini B, waliokuwa salama wakaanza chanjo, ile ya sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa sita.

Sasa yale ambayo hayajakaa vizuri. Duka ni dogo na hakuna sehemu ya faragha, unaongea habari za homa ya ini na nyuma yako kuna watu wanne wanasikiliza, na mnajua mtaani mtu akisikia hivyo anaacha kula sahani moja na wewe japo haiambukizi kwa sahani. Nimewaomba waweke hata pazia kwenye kona, wamesema watafanya, bado. Bima hawapokei, ni hela taslimu, hiyo imetuumiza. Spironolaktoni huwa inakatika, ila wakiishiwa wanapiga simu kwa wenzao wanakuelekeza ilipo badala ya kukupa kitu kingine kinachofanana, na hapo nawaheshimu. Bei za baadhi ya dawa ziko juu kidogo kuliko maduka ya chini, risiti wanatoa. Jioni foleni ni ndefu na haisogei haraka kwa sababu kila mtu anaulizwa maswali, kama una haraka utakereka, mimi siku hizi naenda saa nne asubuhi.

Kwa anayetaka kwenda: beba cheti, majibu ya vipimo vya karibuni, daftari la presha kama unalo na dawa ZOTE zikiwa kwenye pakti zake, usiziondoe ukazifunga kwenye karatasi maana hapo hata yeye hawezi kujua ni nini. Nenda siku ambayo mfamasia mwenyewe yupo, Jumapili anakuwepo kijana wa kuuza peke yake, ni mpole lakini hayo maelezo hana, na yeye mwenyewe atakwambia urudi Jumatatu.